Kuni za mwanangu, kifua cha mama yangu

Jumatatu moja ya mwezi Februari, saa kumi na mbili asubuhi, binti yangu alisimama mlangoni kwa mama akiwa amevaa sare, begi mgongoni na kipande cha kuni kwapani. Yupo darasa la pili. Kuni yenyewe ilikuwa imemzidi urefu wa mkono, na alikuwa anaibadilisha kutoka kwapa moja kwenda jingine.

“Mama, hii inatosha au mwalimu atasema ndogo?” akaniuliza.

Nikamwambia inatosha. Mimi mwenyewe nilibeba kuni kama hiyo kila Jumatatu kwa miaka saba, kwenda shule hiyohiyo, kwenye njia hiyohiyo inayokatiza mashamba ya pamba. Sikuona ajabu yoyote. Nikatoa simu nikampiga picha, nikaiweka kwenye kundi la ndugu. Wajomba na mashangazi wakacheka, wakaandika, “Kama mama yake.”

Ndani ya nyumba, mama yangu alikuwa anakohoa.

Picha ile ninayo mpaka leo. Nikiitazama naona jambo ambalo asubuhi ile sikuliona. Kuni ile ilikuwa inakwenda kuchomwa kwenye jiko analopikia mama. Mjukuu ndiye aliyekuwa anampelekea bibi yake moshi.

Wazazi wenzangu, mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kazi yangu iko Geita mjini, na mtoto wangu, niliyempata nikiwa chuo, analelewa na mama kijijini, mkoani Shinyanga. Najua wengi mnaosoma hapa mnaishi hivyo. Kila baada ya wiki mbili tatu napanda basi, navuka daraja la Kigongo–Busisi, nabadilisha gari Usagara, na kufika nyumbani jioni na mkate na sukari.

Mama ni mpishi wa shule ya msingi. Alianza nikiwa darasa la tano. Sasa nina miaka 28, kwa hiyo ana miaka 17 mbele ya moto. Yeye na wenzake watatu wanapika uji wa asubuhi na makande au ugali na maharage ya mchana kwa watoto zaidi ya mia sita. Hawaajiriwi na serikali. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, chakula cha mchana kimebaki kuwa jukumu letu wazazi. Tunachanga mahindi, tunachanga maharage, tunachanga kuni na maji, na tunachanga ujira wa wapishi.

Kikohozi tulichokizoea

Macho ya mama yamekuwa mekundu kwa muda mrefu kiasi kwamba tulifikiri ndiyo rangi yake. Kikohozi chake tulikiita cha baridi, hata mwezi wa kumi ambapo Shinyanga hakuna baridi ya kumkohoza mtu.

Huku kwetu ukikohoa sana jambo la kwanza watu kufikiria ni kifua kikuu. Wana sababu. Vijana wengi wanakwenda machimboni, Geita, Kahama na kwingineko, wanavuta vumbi la mawe ardhini, wanalala wamebanana, na wengine wanarudi nyumbani wakiwa wagonjwa. Kwa hiyo majirani walianza kunong’ona. Mama akapima makohozi katika kituo kimoja cha afya, mara ya kwanza na mara ya pili. Hakuna kifua kikuu. Akapewa vidonge, akaambiwa amalize dozi. Akamaliza, akaendelea kukohoa.

Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Wala mimi sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa najua.

Hapo ndipo ninapoona haya. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, mimi nilikuwa miongoni mwa walioandika. Mwezi huohuo alikwenda Paris kuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, nako nikaandika. Niliziweka takwimu zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Hapa nchini serikali imekuwa ikitaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka.

Jioni habari ilipotoka nilimpigia mama kumwambia. Akanipongeza, “Wabeja, ng’wanone.” Akakohoa. Tukaagana.

Mwezi Machi mwaka huu mtoto alinipigia kwa simu ya bibi yake. “Mama, bibi akitoka bombani anakaa chini mara tatu.” Kutoka bombani hadi nyumbani si mbali. Hata mtu mwenye ndoo kichwani hapaswi kupumzika njiani.

Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kumchukua. Safari hii tulikwenda hospitali kubwa, tukakutana na daktari kijana, pengine tunalingana umri. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Mama, shughuli yako ni nini?”

“Mpishi wa shule.”

“Unapikia nini?”

“Kuni.”

“Kwa miaka mingapi?”

Mama akahesabu kwa madarasa yangu. La tano, la sita, la saba, sekondari, chuo, kazi. Daktari akaandika. Kisha akampa mashine apulize, akamwambia avute pumzi mpaka mwisho na kuitoa yote kwa nguvu. Mama alijaribu mara tatu, na kila mara alikatika kabla ya kumaliza.

Tukaambiwa ni ugonjwa sugu wa njia za hewa, ule ambao wengi wanaujua kwa wavuta sigara wa muda mrefu. Mama hajawahi kuvuta sigara hata moja. “Palipoharibika hapatarudi,” daktari akasema taratibu. “Tunachoweza ni kuzuia pasiharibike zaidi. Dawa ya kuvuta nitampa. Lakini dawa ya kwanza ni kuondoka kwenye moshi.”

Nje, kwenye benchi, nikamwambia mama kwamba kazi imeisha. Akanitazama kama vile mimi ndiye mtoto, na kweli mimi ndiye mtoto.

“Mdogo wako yupo VETA,” akasema. “Nauli yake na chakula chake nani analipa? Wewe una kodi ya nyumba Geita. Nikikaa nyumbani nitaacha kukohoa, halafu tule nini?”

Sikuwa na jibu. Takwimu zangu zote hazikuwa na jibu la swali hilo.

Niliingia jikoni

Kesho yake nilikwenda naye shuleni saa kumi na moja alfajiri. Nilisoma pale miaka saba na sikuwahi kuingia jikoni, kwa kuwa wanafunzi tulikuwa tunaishia dirishani na mabakuli yetu.

Jiko ni banda la bati lenye ukuta pande tatu. Mafiga ni mawe makubwa. Juu, masizi yananing’inia kama utando wa buibui. Wapishi wanne, mmoja ana mtoto mgongoni. Kuni zilikuwa zimelala nje na mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo moto haukuwaka, ulifuka. Mama aliinama akapuliza. Akainuka, akakohoa, akainama tena.

Nitaeleza kinachotokea hapo, kwa sababu kinatokea pia katika majiko mengi ya nyumbani. Kuni kavu kwenye hewa ya kutosha huungua karibu yote. Kuni mbichi au iliyobanwa haiungui sawasawa. Kinachobaki ndicho moshi, yaani chembe ndogo sana zisizoonekana kwa jicho moja moja, pamoja na gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Zile chembe ni ndogo kiasi kwamba pua haizizuii. Zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana moshi hauishii kwenye kikohozi. Unahusishwa na magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, mtoto wa jicho, na nimonia kwa watoto wadogo kama yule aliyekuwa mgongoni.

Na ni moshi huohuo unaoharibu hali ya hewa. Mti unapokua huvuta kaboni na kuihifadhi kwenye mbao yake. Ukikatwa na kuchomwa, kaboni hiyo inarudi angani. Kama mwingine unaota mahali pake, hesabu inakaribia kulingana. Kama hakuna kinachoota, tunatoa tu bila kurudisha. Makadirio ya serikali ni kwamba Tanzania hupoteza takribani hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Kilimo kinachukua sehemu kubwa, lakini kuni na mkaa vimo. Kwa hiyo kinachomwumiza mama kifuani na kinachotukausha mvua vinatoka kwenye jiko moja.

Nilikaa pale mpaka saa sita. Maharage hayakulowekwa, yalitupwa kwenye maji yakiwa makavu kama kokoto, na moto ukawaka masaa yote hayo. Sufuria hazikuwa na mifuniko. Mmoja ulipasuka, mwingine ulikuwa umegeuzwa beseni la kuoshea vijiko.

Nilimfuata mwalimu mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza kwa ukali, kwa sababu agizo la serikali nalijua. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zinazopikia zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Hakunikatalia. Alifungua kabati akanionyesha faili.

“Agizo ninalo, dada yangu,” akasema. “Mitungi mikubwa, mabomba na majiko yake ndiyo sina. Wazazi unawajua. Wewe ni mmoja wao.”

Chini ya mkwaju

Mkutano wa wazazi ulikuwa Aprili, chini ya mkwaju ulioko mbele ya ofisi. Aprili pamba bado iko shambani, na kwa mkulima wa huku hela inaanza kuonekana ikishafika sokoni. Niliomba nafasi nikaongea. Nilitaja Shirika la Afya Duniani, nikataja Paris, nikataja mwaka 2034. Niliona watu wananisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgeni.

Baba mmoja akanyoosha mkono. “Dada mwandishi, hongera kwa kusoma. Kuni tunaokota. Gesi tutaiokota wapi?”

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana alikuwa sahihi. Mzazi mwenye watoto wanne shuleni, ambaye hela anaishika mara moja kwa mwaka, huwezi kumwambia mtungi ni rahisi kuliko kitu anachookota.

Akasimama mzee mmoja, wa rika la marehemu babu yangu. Akauliza swali moja: “Ni nani hapa bado anaokota?”

Kimya. Akaendelea. Akakumbusha kwamba nchi hii ilifyekwa tangu enzi za mkoloni, wakati miti ilipokatwa ili kumaliza mbung’o. Kisha yakaja mashamba ya pamba, kisha watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 na kuacha ngitili zao. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipopita alisema Shinyanga imekuwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wote tuliuita HASHI. Akasema HASHI ilifanikiwa kwa sababu haikuja na kitu kigeni. Iliwarudisha watu kwenye ngitili, lile eneo ambalo Msukuma hulifunga ili majani na miti ipumzike, na mifugo iingizwe tu wakati wa kiangazi. Ulinzi wake ulikuwa wa kwetu, sungusungu na dagashida. Mpaka mradi unafungwa mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamefufuka.

“Sasa,” akasema mzee, “mkaa unakwenda mjini. Magogo yanakwenda Geita kushikilia maduara ya dhahabu. Na hizo kuni mnazosema watoto wanaokota, wananyofoa kwenye ngitili za watu na kwenye uzio wangu. Nimewaona. Sijasema kwa sababu ni watoto wa shule.”

Hapo ndipo mama yangu aliposimama. Sikutegemea. Mama si mtu wa mikutano.

“Mimi takwimu sizijui,” akasema. “Nimewapikia watoto wenu wote, na baadhi yenu mliokaa hapa nimewapikia pia. Sijawahi kuomba kitu. Leo naomba mifuniko ya sufuria na kuni zilizokauka. Hayo mengine mtaamua wenyewe.”

Akakaa. Kikohozi kikamshika, kikachukua muda, na mkutano mzima ukamsubiri amalize.

Mifuniko ilichangwa palepale.

Shule tatu, daftari moja

Kilichofuata sikukipanga mimi, nilikiona tu kikitokea. Kata yetu ina shule tatu zinazokaribiana, za msingi mbili na sekondari moja. Walimu wakuu walikuwa wanakutana kwa mitihani na michezo, jiko halikuwa ajenda. Mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, aliyekuwa amesikia maneno ya mzee, akasema kama ngitili ililindwa kwa kukaa pamoja, na jiko likae pamoja.

Wakagundua kwamba kila shule ilikuwa na kitu ambacho nyingine haina. Sekondari walikuwa wamejenga jiko banifu la matofali lenye bomba la kutolea moshi nje. Shule jirani ya msingi walikuwa wanaloweka maharage usiku kucha, kwa sababu mpishi wao mmoja alizoea hivyo nyumbani kwake. Sisi tulikuwa na fundi mzuri wa kujenga, ambaye ni mzazi.

Badala ya kuitisha semina, waliwapeleka wapishi. Mama na wenzake walikwenda kushinda kwenye jiko la sekondari siku nzima, wakapika na wenzao. Wa sekondari wakaenda shule jirani kuona maharage. Mama aliniambia amejifunza zaidi siku ile kuliko katika mabango yote, kwa sababu aliyekuwa anamfundisha naye alikuwa na masizi mikononi.

Kisha wakaazima mizani ya kupimia pamba kutoka chama cha ushirika. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, kuni zinapimwa na kuandikwa kwenye daftari: uzito wa kuni, idadi ya watoto, chakula kilichopikwa. Wanafunzi wa sekondari wanaosoma sayansi ndio wanaofanya hesabu kila Ijumaa, na matokeo ya shule zote tatu yanabandikwa kwenye mbao za matangazo. Hakuna zawadi. Lakini hakuna mpishi anayependa kusikia kwamba jirani yake kapika chakula kilekile kwa kuni chache.

Hawakukosa makosa. Siku moja ya joto shule moja ililoweka mahindi na maharage tangu mchana wa siku iliyotangulia, na asubuhi yalikuwa yamechacha. Watoto walikula saa tisa. Tangu hapo wanaloweka jioni, wanamwaga yale maji asubuhi, na wanapika kwa maji mapya.

Shule yetu ilikuwa inamaliza mkokoteni mmoja wa kuni kwa siku mbili. Mpaka muhula unafungwa mwezi Juni, mkokoteni uleule ulikuwa unafika siku nne. Hatukuwa tumenunua mtungi hata mmoja. Ilikuwa mifuniko, kuni zilizopasuliwa na kukaushwa chini ya bati, maharage yaliyolowekwa, na jiko alilojenga baba mmoja kwa matofali tuliyochoma wenyewe miaka iliyopita.

Sitaki kuwadanganya. Jiko banifu linapunguza moshi, haliumalizi. Lengo bado ni gesi, na shule tatu zimeshakwenda pamoja kwa muuzaji kuuliza bei, maana anayenunua kwa niaba ya shule tatu husikilizwa kuliko wa moja. Mpango ni kuanza na uji, kwa sababu uji hauchukui muda mrefu. Gesi nayo inatoka ardhini na ina kaboni yake, ila inaungua bila moshi ule na haikati mti. Upo pia mkaa mbadala unaotengenezwa na STAMICO kwa makaa ya mawe. Huo unaokoa miti, lakini makaa ya mawe ni makaa ya mawe, na jiko lake lazima liwe mahali penye hewa. Wengine wanazungumzia gesi ya kinyesi cha ng’ombe, na Msukuma hakosi ng’ombe, ingawa mtambo wake unataka maji kila siku. Kila njia ina gharama yake, na ni vizuri wazazi waijue kabla ya kuchanga.

Nani aondoke?

Kuna jambo moja ambalo sikulifikiria wakati nahubiri nishati safi. Jiko jipya halihitaji watu wanne. Watatu wanatosha.

Mwezi Mei kamati ikakaa, na jina lililotajwa lilikuwa la mama. Walisema kwa nia njema kabisa: mama anaumwa, akapumzike, amefanya kazi kubwa. Ndivyo daktari alivyotaka. Ndivyo nilivyotaka mimi. Usiku ule mama hakula. Alikaa uani na mjukuu wake, wakichambua maharage ya nyumbani, na aliponiona nimesimama mlangoni akasema, “Kwa hiyo nimeomba mifuniko ili nifukuzwe.”

Waliomwokoa ni wapishi wenzake. Walikwenda kwa mwenyekiti wakasema wao watatu watapokezana motoni, na mama afanye kazi za mbali na moto: stoo, kuchambua nafaka, kuloweka jioni, kuandika daftari la mizani. Mwenyekiti akauliza ujira wa mtu wa nne utatoka wapi. Yule mwenye mtoto mgongoni akajibu, “Kwenye kuni ambazo hatuchomi.”

Ilikuwa kweli. Baadhi ya wazazi walikuwa wanatoa hela badala ya kuni, na hela hiyo ilikuwa imeanza kubaki. Ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mtungi. Suala likarudi chini ya mkwaju, tukapiga kura. Wengi tuliamua ujira wa wapishi wanne ubaki, na gesi ichelewe muhula mmoja zaidi. Wapo waliokataa, na wana hoja. Kila mwezi tunaochelewa, wale watatu wanaendelea kuvuta moshi, hata kama ni mdogo. Mimi nilinyoosha mkono wa ndiyo, na sijui kama ningeunyoosha kama mpishi mwenyewe asingekuwa mama yangu.

Kabla hujafunga simu

Mzazi mwenzangu, pengine shule ya mwanao iko Kahama, Bukombe, Nyang’hwale au mbali zaidi. Ukienda kwenye mkutano ujao, usianze na Paris kama mimi. Ingia kwanza jikoni. Angalia kama sufuria zina mifuniko, kama kuni ziko chini ya bati, kama nafaka imelowekwa, kama moshi una pa kutokea. Uliza shule jirani wanafanyaje, na wapeleke wapishi wenu wakaone. Uliza mapema pia, kabla jiko jipya halijajengwa, wapishi waliopo watafanya kazi gani.

Kama wewe, mama yako au dada wa jikoni anakohoa zaidi ya wiki mbili, nendeni mkapime kifua kikuu. Ikionekana hakuna, msiishie hapo. Mwambieni mhudumu kwa mdomo wenu: huyu anapika kwa kuni, kwa miaka hii. Usisubiri aulize. Mimi nilisubiri, na mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Mama anatumia dawa yake ya kuvuta. Macho yamepungua wekundu. Kutoka bombani anapumzika mara moja, siku nyingine hapumziki. Kikohozi cha alfajiri bado kipo, na daktari ametuambia tusitegemee kiondoke.

Muhula wa pili ulipofunguliwa nilikuwa nyumbani. Shule ilikuwa imeacha kudai kuni kutoka kwa watoto wadogo. Badala yake Jumatatu kila mtoto anapeleka chupa ya maji kwa ajili ya miche waliyoipanda nyuma ya madarasa, kwenye eneo ambalo yule mzee amewasaidia kulifunga liwe ngitili ya shule.

Binti yangu alisimama mlangoni na chupa yake ya lita moja, imejaa mpaka kwenye kizibo.

“Mama, haya yanatosha au mwalimu atasema madogo?”

Bibi yake akamjibu kutoka ndani kabla yangu, kwa sauti, bila kukatika. “Yanatosha. Nenda, utachelewa.”